"Ile Haiko ya Sisi": Nani Alituwekea Sentensi Hii Kichwani?

Vijana wenzetu, leo tunaandika kwa hasira kidogo, na hasira yenyewe inaanzia kwetu sisi wenyewe.

Juzi juzi tangazo la nafasi za masomo lilibandikwa ukutani hapa Nakivale, karibu na soko la Base Camp. Tulisimama pale watu saba wa kikundi hiki, wote tumemaliza sekondari. Tukasoma mistari miwili ya juu. Mmoja akasema, "Ile haiko ya sisi." Tukacheka, tukaenda kunywa chai. Siku ya mwisho ilipokwisha kupita ndipo mmoja wetu akarudi kuisoma karatasi yote. Chini kabisa iliandikwa wazi kwamba wakimbizi wanaweza kuomba.

Hakuna ofisi iliyotukatalia wala mlinzi aliyetufukuza. Sentensi ya maneno manne ilitufungia mlango, na ilitoka kwenye mdomo wetu.

Tena hatukuifikiria. Ilikuja yenyewe, kama mkono unavyofukuza nzi. Daktari Mmarekani Aaron Beck alianza kuyaandika mambo haya miaka ya 1960. Aliona kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nzito walikuwa na mawazo ya haraka haraka yanayopita kichwani bila kuitwa: sifai, nitashindwa, hawanitaki. Mtu hayaoni yakipita. Anaona tu moyo umeshuka, halafu anafanya kama wazo lile lilivyoamuru.

Sisi yetu tunayajua. "Mkimbizi hana kesho." "Hata nikiandika, nani atasoma?" "Tungoje tu ndege." Sikiliza kwenye bomba la maji, sikiliza kwenye foleni ya chakula. Sentensi ni zile zile, sauti ndiyo inabadilika.

Hatusemi sisi ni wajinga. Kichwa kilijifunza kwa sababu. Kule Kivu ukisikia mlio usiku hukai kuuliza ni nini, unabeba mtoto unakimbia. Aliyekaa kuchunguza, wengine hatukumwona tena. Kwa hiyo kichwa kilizoea kujibu kabla ya kuulizwa, na kwa kufanya hivyo kilituokoa. Shida ni kwamba hapa kinajibu vile vile mbele ya karatasi ya masomo. Karatasi haipigi risasi, lakini sisi tayari tumeshakimbia.

Sasa tuna ugomvi na watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni wenzetu wanaosema, "Hayo ni mambo ya wazungu walioshiba." Si kweli. Epictetus, mmoja wa waalimu wa zamani waliofundisha watu kuchunguza mawazo yao kabla ya kuyaamini, alizaliwa mtumwa, halafu akafukuzwa Roma pamoja na wanafalsafa wengine, akaishi ugenini. Na si mambo ya kale tu. Hapa hapa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa mafunzo ya Shirika la Afya Duniani. Ni vikao vitano, watu wanasikiliza sauti iliyorekodiwa na kujifunza, pamoja na mengine, kuliona wazo gumu na kuliita kwa jina: hili ni wazo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye, waliopata mafunzo walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Wale mama wangeambiwa ni wazungu walioshiba, wangecheka.

Wa pili ni wale wanaokuja kwenye semina na kutuambia, "Umaskini uko kichwani, badilisha mawazo tu." Hapana, ndugu. Julai 2023 chakula cha msaada Uganda kilianza kugawanywa kwa makundi matatu, na familia iliyowekwa kundi la tatu haikupata kitu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamepangiwa safari wakabaki. Hayo hayako kichwani. Yako kwenye sufuria na kwenye begi lililofungwa.

Ndiyo maana tunasema kazi yetu ni kutenganisha. "Mgao umekatwa" ni jambo lililotokea. "Hakuna mtu duniani anayetusikiliza" ni wazo. La kwanza ukilikataa unajidanganya. La pili ukiliamini huandiki malalamiko, huendi kwenye mkutano, humwulizi kiongozi swali. Wanaotudharau wanapata faida kubwa tukiliamini. Kwa hiyo kuchunguza kichwa hakumaanishi kunyamaza. Ndiyo mwanzo wa kudai haki yako sawasawa.

Kuna wazo jingine, na hili tunaliandika kwa aibu. Mtu anapita, unasikia jina lake au unaona pua yake, na kichwa kinasema papo hapo: "Huyo ni wa lile kabila." Hujaongea naye, hujui hata mama yake alizikwa wapi. Jamani, sentensi hiyo ndiyo ilitufikisha hapa! Tulikimbia risasi, lakini maneno yaliyotangulia risasi tuliyabeba kwenye mabegi mpaka huku. Na sasa tunawafundisha watoto waliozaliwa kambini, ambao kule nyumbani hawajakuona hata kwa picha. Wakulima wa chuki wako wengi. Sisi tusiwapelekee mbegu.

Tufanye nini basi? Kwenye kikundi tumeanza kitu kidogo. Kila mtu ana daftari, hata la kurasa chache. Moyo ukishuka ghafla au ukichemka, unaandika mistari mitatu. Wa kwanza: nini kimetokea. Wa pili: kichwa kimesema nini, kwa maneno yale yale. Wa tatu: nina ushahidi gani, na ushahidi gani unapinga. Ni hivyo tu. Siku za kwanza ni ngumu, kwa sababu wazo linapita mbio kuliko boda boda. Lakini mazoea hujenga tabia, na sentensi uliyoiandika kwa mkono wako haiwezi tena kujifanya ni sauti ya Mungu. Na wenye vidonda vizito, wasiolala usiku, tusiwaachie daftari peke yake. Tuwasindikize kwa mhudumu wa afya. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Tangazo jingine litabandikwa. Tutakuwa pale tena, na tunajua kichwa kitasema nini. Kiseme. Sisi tutaisoma karatasi mpaka mstari wa mwisho.