Usipakie Lori kwa Maneno Matupu

Huenda umenunua kibanda cha kulala safarini, kile kinachobebwa na pikapu, nawe wakitaka Mweiga, penye makao makuu ya Mbuga ya Aberdare. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 600.

Kabla ya kukodi lori, pima kimo, upana na uzito. Toa mtungi wa gesi. Panga jinsi ya kukishusha: Mweiga si bandarini penye kreni.

Uliza pia habari za bima. Ile ya mtu wa tatu, inayotakiwa na sheria, hailipi mzigo uliopakiwa. Andikianeni bei, siku ya kufika na atakayelipa kikivunjika. Kipige picha pande zote, na usimalize malipo kabla ya kukikagua. Mali bila daftari huisha bila habari.