Mbuga Jirani na Mwananchi wa Miguu

Sisi wakazi wa Salgaa tumezoea kutazama malori yakipita usiku na mchana kuelekea Eldoret na Uganda. Shule zilipofungwa, watoto wangu wakauliza: nasi je, tutakwenda wapi? Niliketi na mama yao tukapima.

Mbuga ya Ziwa Nakuru ndiyo iliyo karibu. Ina vifaru na twiga, lakini haizungukwi kwa miguu. Asiye na gari hana budi kukodi. Tena maji ya ziwa yamepanda tangu karibu mwaka 2010, na heroe wengi wakahamia Bogoria.

Hell's Gate, kule Naivasha, ni mbali zaidi, ingawa humo mtu hutembea au hupanda baiskeli kati ya punda milia. Lakini Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu katika korongo lake, nasi tulikuwa katika majira ya mvua.

Tukachagua Hyrax Hill, kando ya mji wa Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na kufukua makaburi ya kale. Watoto walicheza bao lililochongwa mwambani. Kutoka kilimani tukaliona lile ziwa, kwa mbali.

Hapo ndipo kijana wangu aliponiuliza kwa nini hatukuingia. Ndugu msomaji, mbuga ni mali ya taifa. Basi moja la bei nafuu langoni, kila Jumamosi, lingenipa jibu la kumpa mwanangu.