Uji Laini, Tumbo Zito

Hapa Uganda, mwanafunzi akilalamika kwamba maharagwe humvimbisha tumbo, huambiwa: "Basi kunywa uji wa unga wake, ni laini." Mimi napinga ushauri huo, hata ukitoka kwa shangazi mwenye nia njema. Kinachoteremka kooni bila shida kinaweza kulisumbua tumbo usiku kucha.

Katika maharagwe, soya na dengu kuna sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hufika nzima katika utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Mashine ya kusaga huvunja punje tu. Sukari hizo hubaki zilivyo. Tena mpishi wa maharagwe huyaloweka usiku kucha na kumwaga maji, na sehemu ya sukari hizo huondoka nayo. Nani humwaga maji ya uji? Tunayanywa yote.

Wengine watanijibu kwamba unga wa dengu husifiwa kwa wagonjwa. Ndiyo, kwa wale wasioweza kula ngano kwa sababu ya gluteni. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa!

Halafu kuna jambo zito kuliko gesi. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu, lektini, inayoleta kutapika na kuhara. Huondolewa kwa kuloweka, kisha kuchemsha kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi. Moto mdogo hautoshi. Unga wa maharagwe mabichi uliokorogwa upesi kwa maji ya uvuguvugu haumfai mtu yeyote, sembuse mwenye tumbo dhaifu.

Sisemi tuyaache maharagwe. Sisi tunaokula posho na maharagwe (ugali, kwa wenzetu wa Tanzania) hatuna protini nyingine ya bei hiyo. Hata mlo wa FODMAP uliobuniwa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, hupunguza vyakula vya aina hii kwa wiki 2 hadi 6 tu, kisha huvirudisha kimoja kimoja ili mtu ajue kiasi anachokiweza. Ninachodai ni kwamba anayetuuzia unga aseme kama maharagwe yake yalilowekwa, yakachemshwa na kukaushwa kabla ya kusagwa. Asiyeweza kujibu, abaki na unga wake.