Kipimo cha Mwalimu

Mwezi Machi mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa mjini Geita. Tangu hapo mchimbaji mdogo atokaye Nyarugusu na kipande cha dhahabu mfukoni hujua yatakayompata. Kipande chake hupimwa uzito, hupimwa usafi, huandikwa, hutozwa mrabaha, ndipo huuzwa. Hapana awezaye kumwambia mshika mizani kwamba, kwa kuwa mwaka huu dhahabu ni haba, shaba kidogo iliyochanganywa nayo ihesabiwe kuwa dhahabu. Neno hilo lingechekwa.

Lakini neno hilo hilo limesemwa juu ya mwalimu mara nne katika muda wa miaka arobaini, wala halikuchekwa. Liliitwa mpango.

Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974. TANU iliagiza kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakuwapo; kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walikabidhiwa madarasa, wakawa walimu saa za shule na wanafunzi wa ualimu baada ya saa hizo, kwa masomo ya posta na redio. Zaidi ya 30,000 walihitimu kwa njia hiyo. Mara ya pili ilikuwa katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002: miaka miwili ya chuo ilikatwa ikawa mmoja, na mwaka wa pili ukahesabiwa kuwa wa mazoezi katika shule ambazo zenyewe hazikuwa na walimu wa kutosha kumsimamia mgeni. Mara ya tatu ilikuwa pale sekondari za kata zilipoongezeka baada ya mwaka 2004. Wahitimu wa kidato cha sita walifunzwa kwa muda wa kama mwezi mmoja, wakapewa leseni na kupelekwa kufundisha. Wananchi waliwaita voda fasta, jina la njia ya haraka ya kuongeza salio katika simu. Katika dhihaka ile mlikuwa na ukweli mwingi kuliko katika waraka uliowatuma.

Mara ya nne ilikuwa mwaka 2014. Wahitimu wa kidato cha nne walipokewa katika Chuo Kikuu cha Dodoma wasomee stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati. Mwezi Mei 2016 masomo yalisimama kwa sababu ya mgogoro wa malipo ya wahadhiri, na wanafunzi zaidi ya 7,000 wakarudishwa makwao ghafla. Baadaye baadhi yao walihamishiwa vyuo vya ualimu, na wengine wakaambiwa kuwa hawakuwa na sifa. Yaani mizani iliwekwa mezani baada ya mzigo kwisha kupokewa.

Aibu ya mambo haya si ya vijana wale. Wengi wao walifundisha kwa moyo na kwa mshahara mdogo, na kati ya wasomi watakaosoma makala haya hawakosi waliofundishwa herufi ya kwanza na mwalimu wa UPE. Wako pia wasemao kuwa bila njia hizo za mkato mamilioni ya watoto wasingaliona mlango wa shule. Hoja hiyo ni nzito, na haifai kujibiwa kwa kejeli. Mtu aliyevunjika mguu porini hufungwa gango la mti wowote ulio karibu, naye humshukuru aliyemfunga. Kosa ni kumfikisha mjini kisha kumwambia kuwa gango lile ndilo matibabu. Sehemu ya mafunzo aliyonyimwa mwalimu ili taifa liwahi ilikuwa deni la taifa kwake. Deni hilo halikuandikwa katika daftari lolote, na kwa sababu hiyo lilikopwa tena na tena.

Nani aliyelilipa? Uhaba haushuki sawasawa kama mvua ya masika. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Sensa ya mwaka huo ilihesabu humo watu wapatao milioni 1.7, sensa ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 3. Dhahabu iliwavuta watu, na watu walikuja na watoto. Mwaka 2016 ada ilipofutwa, madarasa yalifurika. Kipimo cha serikali yenyewe ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini katika vijiji vya machimbo darasa moja lenye watoto zaidi ya mia si jambo la kushangaza. Mbele ya umati kama huo mwalimu hodari huchoka. Aliyefunzwa nusu huzama.

Tena mtoto wa kijiji cha Shinyanga huingia darasa la kwanza akiwa na Kisukuma kinywani, na hukuta kitabu kilichoandikwa kana kwamba Kiswahili ndicho alichonyonyeshwa nacho. Kumfundisha huyu kusoma katika lugha asiyoisema bado ni kazi yenye ustadi wake, nao haupatikani kwa mwezi mmoja. Ilihitajiwa fedha ya Uingereza, katika mpango wa EQUIP-Tanzania ulioanza mwaka 2014 na kufika Shinyanga, ili watoto kama hao watayarishwe kabla ya kuanza shule. Jambo lililostahili kuwa somo la lazima la kila chuo cha ualimu likawa zawadi ya mfadhili, na kila zawadi ina siku yake ya kwisha.

Mwaka 2018 Bunge lilitunga Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ili mwalimu asajiliwe, apewe leseni na awajibike kwa miiko ya kazi yake kama mwanasheria au mhandisi. Walimu wengi waliipokea kwa manung'uniko, wakisema ni mzigo mwingine wa ada. Walisema kweli nusu. Taaluma isiyo na mlango ni uwanja wa gulio, na mwalimu hapaswi kuogopa mlango. Lakini mlango huo umetazamishwa upande mmoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 nayo ilidai usajili wa walimu, na humo humo mlikuwa na leseni ya kumruhusu asiyefunzwa afundishe. Haikuwa mwalimu aliyepita katika tundu hilo kwa ujanja. Alipitishwa na walioitunga. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu ya waombaji wa ualimu walifanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira. Walipimwa tena, mmoja mmoja. Vyuo vilivyowapa vyeti havikukaa katika chumba cha usaili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Na usaili ule umefichua jambo jingine. Kama waliosoma ualimu wanangoja kwa maelfu huku madarasa ya Geita yakikosa mtu wa kusimama mbele, basi kinachokosekana ni nafasi za ajira na fedha za mishahara. Udhuru wa kale wa kukata mafunzo umekufa. Hapajapata kuwa na wakati mwema kuliko huu wa kukaza kipimo, wala pasiwe na kisingizio cha kukilegeza.

Kukaza huko kuanze kwa wenye nguvu. Kwanza, sheria ikataze kabisa kundi lolote kupokewa katika ualimu kwa muda mfupi kuliko uliowekwa, hata waziri akiamuru. Pili, chuo kipimwe kabla ya mhitimu wake: wakufunzi wake, maktaba yake, shule zake za mazoezi, na kisichofaa kifungwe. Tatu, mwalimu aliyepelekwa darasani kabla ya kuiva apewe mafunzo yaliyobaki kwa gharama ya serikali. Nne, tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, kampuni za migodi hupatana na halmashauri kila mwaka juu ya fedha za jamii. Fedha hizo zisiishie katika kuta za madarasa. Zijenge nyumba za walimu, ili mwalimu mwema akubali kukaa kijijini.

Mgodi wa Buzwagi huko Kahama ulianza kazi mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Dhahabu yake ilikwenda ikiwa imepimwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka mgodi ule ulipoanza alikuwa na miaka 12 ulipofungwa, na kama hakujua kusoma, hapana mizani iliyomwandika.