Kisanduku cha "kuokoa stima" ni uongo mtupu

Haya wasomaji, nimekuwa kimya wiki mbili, nimerudi na hasira.

Rafiki yangu ana duka la kuchapisha hapa Voi, kompyuta kumi na mbili kwenye stima ya fezi tatu. Juzi ganda la waya wa nyutro limeyeyuka. Fundi akalaumu kampuni ya stima, kisha akamuuzia kisanduku cha "kuokoa umeme". Nimekifungua. Kapasita moja na taa ya kijani, basi!

Tuelewane. Stima yetu ni wimbi la hezi 50. Pawasaplai ya kompyuta au taa ya LED ya bei rahisi hainywi wimbi hilo taratibu. Hugugumia kwenye kilele tu, halafu huacha. Kugugumia huko huzaa mawimbi ya hezi 150, 250, 350 na kuendelea. Hayo ndiyo hamoniki. Sasa shika hapa: fezi tatu zikiwa na mzigo sawa, mikondo ya hezi 50 hufutana kwenye nyutro. Ya hezi 150 haifutani, hujumlishana! Nyutro yaweza kubeba mkondo mwingi kuliko fezi yenyewe, na kwa kawaida haina fyuzi. Yote haya juu ya dari ya mbao.

Multimita ya bei rahisi nayo itakudanganya, maana hupiga hesabu kana kwamba wimbi ni safi.

Mimi ni mtu wa programu, si injinia wa umeme, lakini kupima si uchawi. Nilibana sensa juu ya waya, nikasoma sampuli 3,200 kwa sekunde, yaani 64 kila mzunguko, nikazichambua kwa hesabu za Fourier. Algoriti ya Cooley na Tukey ni ya 1965, na ni bure. Hezi 150 ilisimama kwenye grafu kama mlima Kasigau.

Kapasita haiondoi hayo. Ikiitikiana vibaya na transfoma, hukuza hamoniki. Na bili? Duka dogo hulipia uniti, kisanduku hakizipunguzi. Adhabu ya pawafakta chini ya 0.9 ni ya wateja wakubwa.

Dawa ni nyutro nene na pawasaplai zinazorekebisha pawafakta. Viwandani, koili na filta. Ndiyo, ni ghali kuliko kisanduku.

Fundi aliniambia kompyuta si stima. Nimempa grafu. Jumamosi anakuja mwingine, mwenye leseni, kubadilisha nyutro. Nitapima tena, namba nitaziweka hapa hapa.