Usikokote gari kabla hujalijua tumbo lake!

Wazungu wana raha zao jamani. Mtu akistaafu kule kwao, badala ya kurudi kijijini kufuga kuku, ananunua gari-nyumba. Na nikisema nyumba naomba unielewe: kitanda, jiko, choo na bafu, vyote vimo ndani ya gari kubwa kama basi. Analala anapotaka, anaamka anapotaka, na mwenye nyumba hagongi mlango kudai kodi.

Tatizo la nyumba ya namna hiyo linaanza ukishaipaki. Umepika, umekaa, unakumbuka chumvi hakuna. Utaiwasha nyumba nzima uende nayo sokoni? Ndiyo maana Wamarekani wengi hufunga kigari kidogo nyuma, kikakokotwa na tairi zake zote nne zikiwa chini, bila tela. Wenyewe wanakiita kwa jina la kile kihori kinachofuata nyuma ya jahazi. Jahazi likitia nanga, nahodha anaruka ndani ya kihori, huyoo, pwani kutafuta sigara.

Najua umeshaanza kuguna. "Mimi nakaa Sinza, nagombania daladala, gari-nyumba linanihusu nini?" Linakuhusu, mshikaji wangu. Vuta subira.

Kiangazi kilichopita nilikuwa Mboka, yaani Tabora, mji wa maembe na asali. Chini ya mwembe mmoja nikawakuta mzee wa Kijerumani na mkewe wamepaki gari-nyumba lao. Nyuma yake pameshikizwa chuma chenye umbo la herufi A, na kwenye chuma hicho kimefungwa kisuzuki Samurai cha zamani, kimechoka rangi lakini kimesimama kiume. Nilikuwa na fundi mmoja wa Ng'ambo, mtu mzima. Akakizunguka kile kigari mara mbili, akachungulia ndani, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu mzee anajua," akaniambia. "Hakuchagua gari zuri. Kachagua gari linalokubali kuvutwa."

Nikamuuliza, kwani kuna gari lisilokubali? Fundi akacheka, akanipa kisa.

Kijana mmoja alitoka Dar na Toyota IST yake kwenda harusini Tabora. Ni safari ya zaidi ya kilometa 800, na siku hizi ukipitia Manyoni na Itigi unateleza tu. Kile kipande korofi cha Nyahua hadi Chaya, kilometa 85 na ushei, kilizinduliwa kikiwa lami mwaka 2022. Kufika karibu na Nyahua, rejeta ikapasuka. Kwa bahati ikapita Fuso, dereva mwenye huruma, kamba ikafungwa, gari likawekwa fri, wakaondoka mdogo mdogo hadi Tabora. Zaidi ya kilometa 80. Kijana akashukuru Mungu na kumlipa dereva soda.

Kesho yake rejeta ikabadilishwa. Gari likawaka vizuri, lakini ukiingiza gia halisogei. Giaboksi imeungua. Rejeta ilikuwa hela ya kukopa kwa rafiki. Giaboksi ilimfanya aliache gari Tabora na kurudi Dar kwa treni.

Hapo ndipo penye somo la leo. Gari la otomatiki lina pampu ndani ya giaboksi inayosukuma oili, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Lakini ukilikokota gari kwa tairi zake, tairi zinazungusha vyuma vya ndani ya giaboksi. Vyuma vinazunguka, oili haiji. Kuweka fri hakusaidii kitu, maana fri haiondoi mzunguko unaotoka kwenye tairi. Kilometa mbili tatu kwa mwendo wa konokono linaweza kuvumilia, na kitabu cha gari mara nyingi hutaja kikomo. Safari ndefu ni kulichinja.

Sasa angalia magari yetu ya mtumba kutoka Japani: IST, Vitz, Passo, Raum, Noah, Harrier. Nyingi ni otomatiki. Kwa hiyo wewe wa Sinza, siku ukinunua kagari kako, swali la mzee wa Kijerumani ni swali lako pia: hili likikwama, litavutwaje?

Fundi alinipangia hivi.

Kwanza, otomatiki inayovuta kwa tairi za mbele. Hii ikikokotwa ni lazima tairi za mbele ziinuliwe, zikae juu ya kigari kidogo cha magurudumu mawili au zining'inizwe na bredauni. Tairi za nyuma zinafuata tu, hazina ugomvi na mtu.

Pili, otomatiki inayosukuma kwa tairi za nyuma, kama Crown au Mark II. Fundi anaweza kuingia uvunguni akafungua propela shafti. Ikishatoka, tairi zitazunguka zitakavyo, giaboksi haina habari. Kazi ya spana na nusu saa ya jasho.

Tatu, manyuali. Hapa vijana wengi wanadhani wamepona, kumbe inategemea. Manyuali ya tairi za mbele mara nyingi ni salama, kwa sababu lile jino kubwa la difu linazunguka pamoja na tairi na kurusha oili kila upande. Manyuali ya tairi za nyuma ni habari nyingine. Nyingi hutegemea gia za chini zinazozungushwa na injini ndizo zirushe oili. Injini ikilala, nazo zimelala, juu kunakauka. Soma kitabu cha gari.

Nne, fo-wili. RAV4 na wenzake ambao hawana kile kigiaboksi cha pili chenye alama ya N, usiwakokote kwa tairi nne. Lakini Samurai ya zamani, Land Cruiser ile ngumu ya shamba, na Land Rover Defender, wana kigingi cha pili pembeni ya gia. Ukikiweka kwenye N, tairi zinatengana na giaboksi kuu. Marekani kipenzi chao ni Jeep Wrangler kwa sababu hiyo hiyo.

Basi kwa nini mzee yule hakuchukua Land Rover? Uzito. Defender ni karibu tani mbili. Samurai ni kama tani moja tu. Gari linalokokotwa halina injini inayowaka, kwa hiyo breki zake hazina nguvu za kawaida, na mzigo wote wa kusimama unabebwa na gari la mbele. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe uliye nyuma unaona unaelea. Aliye mbele anajua anachokivuta, hasa kwenye mteremko.

Mzee mwenyewe alipoona tumevamia gari lake akaja. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Akatuonyesha mengine madogo. Ufunguo wa kigari huachwa umezungushwa kidogo, ili usukani usijifunge. Ukijifunga, tairi za mbele zitaburuzwa kama mbuzi anayepelekwa machinjoni. Taa za nyuma za kigari zimeunganishwa kwa waya na gari kubwa, ili anayefuata ajue wanapokata kona. Na hawarudi nyuma kamwe wakiwa wamefungana. Ukipiga rivasi, tairi za kigari hujikunja upande na kukaza, chuma kinapinda. Wakikosea njia, wanafungua kwanza.

Nikamuuliza kwa nini wamesimama Tabora. Akasema nyumba itabaki hapa, wao wataenda na kigari Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Njia nyembamba, mchanga, matawi ya miembe yameshuka. Nyumba ile ingekwama kabla ya kufika.

Nikaona mzee kafuata mila ya Unyamwezini bila kujua. Tabora ndivyo ilivyokuwa enzi za misafara. Msafara mkubwa ukitoka Bagamoyo unafika hapa, unatua mizigo, unapumzika, unabadilisha wapagazi. Kisha unagawanyika: hawa Ujiji, wale Karagwe na Buganda, wengine kusini hadi Katanga. Na mpagazi wa Kinyamwezi hakupakiwa ovyo. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na uliupima kabla ya kuondoka, si ukiwa katikati ya Ugogo.

Wageni waliodharau hesabu hiyo walijuta. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akarudi akisifu kwamba mambo yatakuwa mteremko. Mwaka uliofuata wenzake wa Chama cha Misheni cha London wakaja na mikokoteni na ng'ombe, na mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaleta tembo wanne wa kufugwa kutoka India, wakateremshwa Msasani, hapo hapo unapokwenda kula bata wikiendi, waanze safari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Si wote waliofika. Nguvu walikuwa nazo, nani atambishia tembo? Njia haikutazama misuli yao.

Na IST ya yule kijana haikufa kwa sababu ya kamba wala Fuso. Iliuawa na kitu cha ndani ambacho hakuna aliyejisumbua kukiuliza pale barabarani. Watu wazima wanne walisimama pembeni ya lile gari, kila mmoja akitoa ushauri kuhusu fundo la kamba.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hujatoa hela kwa ajili ya gari, acha kwanza redio na rimu. Funua kitabu chake kwenye ukurasa wa kukokotwa, na kama kimeandikwa Kijapani mtafute fundi akwambie ukweli: otomatiki au manyuali, mbele au nyuma, ina N ya pili au haina. Andika jibu kwenye karatasi, libandike ndani ya kioo. Siku ukikwama porini usiku, na Fuso la msamaria likasimama, utajua la kumwambia: vuta, au niache hapa nisubiri bredauni.

Kusubiri kunauma, najua. Lakini muulize aliyekula pilau la harusi Tabora huku akipiga hesabu ya giaboksi.

Tukijaaliwa, wiki ijayo.