Serikali Ikivunja Sheria Hushtakiwa Wapi?

Katika sanduku langu la bati, pamoja na vyeti vya watoto na karatasi za shamba, nimehifadhi nakala ya Ilani ya Kisheria Nambari 534 ya mwaka 1997. Karatasi yenyewe imechakaa, na mama watoto amenishauri mara nyingi niitie motoni. Siichomi. Karatasi hiyo ilinifunza jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifunza: kwamba katika nchi yetu kuna sheria za kutiiwa, na kuna sheria za kusomwa tu.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka. Mwezi wa Oktoba 1997, chini ya miezi 3 kabla ya uchaguzi mkuu, sisi walimu wa shule za umma tuliweka chaki chini kote nchini Kenya. Serikali ilikuwa na haja ya kura zetu. Ikakubali nyongeza ya hadi asilimia 200, ilipwe kwa awamu katika muda wa miaka 5, pamoja na marupurupu. Makubaliano hayo yakapigwa chapa, yakapewa nambari, yakawa sheria. Tulirejea darasani tukiimba.

Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka 1998 tukaambiwa kwamba pesa hazipo. Oktoba ya mwaka huo tukagoma tena, na safari hii tukarudi mikono mitupu.

Wiki moja baada ya kurudi, nilikuwa nikifundisha Darasa la Saba kazi za Bunge na mahakama. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye babake pia alikuwa mwalimu, akainua mkono. "Mwalimu, mtu akivunja sheria hushtakiwa kortini. Serikali ikivunja sheria hushtakiwa wapi?" Darasa zima likanyamaza kunisikiliza. Nikamjibu, "Hilo haliko katika mtihani," kisha nikafuta ubao. Jibu hilo nimelijutia hadi leo.

Najua hoja za wakubwa, maana zimerudiwa miaka nenda miaka rudi. Walimu ni wengi mno. Kodi haitoshi. Ukimwongezea mwalimu, muuguzi naye atadai. Hoja hizi si za kipumbavu. Hakuna nchi inayoweza kulipa kile isichokuwa nacho. Lakini aliyetia sahihi mwaka 1997 alijua idadi ya walimu siku ile ile aliyotia sahihi, wala hatukuongezeka kwa muujiza baada ya kura kuhesabiwa. Kama ahadi ilikuwa nzito, uungwana ulikuwa kusema hivyo kabla ya kuiandika, si kuiandika kwanza na kuikana baadaye. Ahadi ni deni hata inapotolewa kwa mdomo. Je, iliyopigwa chapa ya serikali?

Nitakubali pia makosa yetu. Wapo walimu waliokula mshahara bila kufundisha, na wapo walioacha kazi ya mchana ili wauze masomo ya ziada jioni. Hao siwatetei. Lakini mwalimu mvivu anayo sheria ya kumwadhibu, na sheria hiyo haijawahi kungojea fedha zipatikane. Inayongojea ni ile inayomlipa.

Wala tusidhani kwamba sheria haiwezi kufanya kazi. Kabla ya 1967, walimu wa Kenya waliajiriwa huku na huku, wengine na misheni, wengine na mabaraza ya wilaya. Sheria ya mwaka huo iliunda Tume ya Huduma za Walimu, tukapata mwajiri mmoja. Sheria ile ilitekelezwa kwa sababu waliokuwa madarakani walitaka itekelezwe.

Tazama sasa yaliyotokea pale ambapo nia ilikosekana. Mwaka ule ule wa 1998, serikali iliacha kuwaajiri walimu moja kwa moja kutoka vyuoni. Kisha Januari 2003 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bila malipo, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Jambo hilo lilikuwa jema, nami nililishangilia. Lakini watoto waliingia kwa mlango mkubwa, na walimu wakaachiwa tundu la sindano. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Shuleni kwetu nilipokea watoto 94 katika Darasa la Kwanza. Wengine waliandikia magotini. Fedha zilipochelewa, chaki niliinunua mimi, kwa mshahara ule ule ambao haukuongezwa kama sheria ilivyosema. Kwa hiyo swali la nani aligharimia elimu ya bure lina jibu. Sehemu yake ilitoka mfukoni mwa mwalimu, na sehemu nyingine kwa wazazi, waliochanga ili kumlipa kijana wa kijijini asaidie kufundisha.

Mwaka 2013, miaka 16 baada ya ilani yangu, walimu waligoma tena wakidai marupurupu yaliyoandikwa humo. Mwaka 2015 mahakama ya kazi iliamua walimu waongezwe kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ikasema hailipi, shule zikafungwa, na mwezi wa Novemba Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo. Kukata rufaa ni haki ya kila mtu, hata serikali. Lakini mwananchi wa kawaida akishindwa kortini haruhusiwi kutangaza kwamba hatalipa, kisha ndipo atafute hakimu mwingine. Mwezi wa Aprili 2024 mahakama iliamua kwamba kuwaajiri kama wanagenzi walimu waliofuzu na kusajiliwa ni kinyume cha sheria. Walimu hao walikuwa wakipewa kama shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Miezi ilipita wakiendelea kufundisha kwa malipo hayo hayo.

Ninachodai ni kidogo. Makubaliano yoyote ya mishahara ya walimu yapelekwe Bungeni pamoja na fedha zake, mwaka kwa mwaka, ndipo yatiwe sahihi. Fedha za mwanafunzi zifike shuleni kabla ya kengele ya kwanza ya muhula. Na serikali ikichelewa, ilipe riba, kama mwalimu anavyolipa riba anapochelewa na mkopo wake wa ushirika. Haya hayahitaji hekima ya Suleimani. Yanahitaji mkubwa akubali kufungwa na kamba anayowafungia wadogo.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima, na huenda ana watoto shuleni. Akinisoma, namwomba radhi. Swali lake ndilo lililokuwa mtihani wenyewe. Serikali ikivunja sheria hushtakiwa mahakamani, na mahakama ikipuuzwa, hushtakiwa mbele yetu sisi wapiga kura. Sisi nasi, kila baada ya miaka 5, tumekuwa tukiifuta kesi hiyo kama nilivyofuta ubao siku ile.